Kichanga Hula Mikono

Bi Sindano alinipandishia bei asubuhi, mlangoni kwake, mtoto akiwa bado mgongoni mwangu na roho yangu ikiwa imeshatangulia kazini.

"Mwezi ujao uongeze kidogo," alisema. "Huyu ameanza kutambaa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Bi Sindano ni jirani yangu, milango yetu inatazamana uani, na jina hilo sisi wapangaji tulimpa kwa ajili ya ulimi wake, maana kushona hajui hata kifungo. Ndiye anayenishikia binti yangu nikienda kazini. Binti yangu tunamwita Kijino. Baba yake alikwenda mbali kutafuta kazi, na mpaka leo nadhani anatafuta.

"Kutambaa nako kunalipiwa, bibi?"

"Kunalipiwa sana. Kichanga hula mikono, mtambaaji hula macho. Zamani nilikuwa nikimweka mkekani namkuta pale pale. Jana nimegeuka kufunika maji, kumtazama hivi, ana mkaa mdomoni, anatafuna kama ameulipia. Sasa macho ninayo mawili, na moja lina mtoto wa jicho. Unataka nimlinde na lipi?"

"Lakini bibi, wewe ni kama mama yangu."

"Ndiyo maana nakwambia mapema. Ungekuwa mtu wa mbali ningekwambia siku ya kulipa."

Nilifungua mbeleko nikamkabidhi mtoto. Njia nzima nilikuwa na hasira, na kibaya zaidi nilikuwa namkasirikia mtu aliyesema kweli.

Mshahara wangu una vipande vitatu: kimoja cha chumba, kimoja cha Bi Sindano, kimoja cha tumbo. Cha Bi Sindano kikikua, cha tumbo kinapungua, nacho kilikuwa kimeshapungua mpaka pale kinapoweza kupungua. Nisipomlipa, Kijino hana pa kukaa. Kijino akikosa pa kukaa, mimi sina kazi. Nikikosa kazi, chumba nacho kinaniaga. Basi nilipofika kwenye ngazi za jengo ninalofanyia kazi nilikuwa nimeshaamua: lazima niongezewe, na niombe leo leo, kabla ujasiri haujapoa.

Mimi ni yaya. Namshika mtoto wa miezi minne, nyumbani kwao, orofa ya pili. Jina lake la cheti wanalo wazazi wake. Mimi namwita Mheshimiwa, kwa kuwa hapendi kusubiri, hapendi kuwekwa chini, na akiletwa sebuleni watu wote husimama. Ukiwa umembeba ukakaa kitini, anajua. Hata ukikaa taratibu kama mwizi, anajua. Kwa hiyo chai nakunywa wima, chupa zake nazichemsha kwa mkono mmoja, nepi naanika kwa mkono mmoja, na mlango naufungua kwa kiwiko. Akishamaliza maziwa lazima akae begani mpaka acheue, la sivyo yote yanarudi, tena kwa hasira.

Mama yake anauza dawa kwenye duka la dawa. Asubuhi hiyo nilimkuta jikoni anapiga pasi koti lake jeupe. Nikampokea Mheshimiwa, nikamweka begani, nikasema, "Mama, nina neno."

"Sema, dada. Nakusikia huku napiga pasi."

"Naomba uniongezee mshahara. Robo ya kile ninachopata sasa. Na zile jioni unazochelewa, na zile Jumamosi za kikao, nazo tuzipangie bei yake."

Pasi ilisimama juu ya koti. Nikasikia harufu.

"Mama, koti."

Akaiinua haraka. Kola ilikuwa imeshaanza kuwa ya kahawia. "Kimya," aliniita. Ndilo jina wanaloniita pale, kwa kuwa sisemi sana. "Kimya, mimi na wewe ni watu wa kuhesabiana kweli? Wewe ni mdogo wangu kabisa. Hapa ni kwenu."

Kutosema sana kuna faida yake, unabaki na nafasi ya kutazama. Nilikuwa nimeshaona kwamba siku ninayoomba pesa mimi huwa mdogo wake, siku ya wageni huwa msichana wetu, na siku kijiko kikipotea huwa huyu.

"Kama ni kwetu," nikasema, "basi dada yangu ataniongezea."

"Ningekuongezea hata sasa hivi. Tatizo siyo mimi. Tatizo ni bei ya ghorofa."

Bei ya ghorofa nilikuwa nimeisikia tangu siku ya kwanza, lakini nilidhani ni kodi. Akina mama wa jengo lile wana upatu wao. Kila mwezi wanachanga, mmoja anabeba. Na humo humo kwenye upatu walikubaliana jambo jingine: hakuna nyumba itakayomlipa yaya zaidi ya nyumba nyingine. Atakayezidisha anaonekana amewasaliti wenzake. Hivyo yaya awe na mtoto mmoja au wawili, mtoto awe analala au halali, mama arudi jua likiwa juu au arudi watu wameshakula, bei ni ile ile. Nyanya sokoni zina bei mbili, za juu ya fungu na za chini. Sisi tulikuwa na moja.

Mume wake, anayeuza bima na kwa hiyo hakosi maneno, akatokea chumbani anafunga tai.

"Kuongezewa kwa lipi?" akauliza. "Mtoto mwenyewe si analala tu?"

Mheshimiwa, begani kwangu, macho kodo, akamgeukia baba yake kama mtu anayesikia habari ngeni.

"Jumamosi upatu uko hapa kwangu," mama akasema huku anavaa lile koti, kola ameikunja kwa ndani. "Nitalifikisha kikaoni, nakuahidi. Ila uje, maana watoto watakuwepo."

"Nije kwa bei gani, mama?"

"Kimya!" alisema, na sikujua kama ananiita au ananinyamazisha.

Jumamosi nikaenda. Nilikwenda kwa sababu ya ile ahadi, nikitaka kusikia kwa masikio yangu itakavyofikishwa. Kijino nilimwacha kwa Bi Sindano, ambaye Jumamosi ana bei ya Jumamosi. Yaani nililipa ili nikafanye kazi ya bure. Njiani nililirudia jambo hilo kichwani mara nyingi, kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi.

Mayaya wenzangu wawili, yule wa Mwalimu wa orofa ya tatu na yule wa Msusi wa mlango wa pili, Jumamosi hawaji, na wala hawabembelezwi, kwa kuwa wote wanajua Kimya yupo. Mwalimu akaingia na binti yake, akanipa. "Dada, nishikie kidogo." Msusi akaingia na mwanawe, akanipa. "Mpenzi, huyu hana shida." Ilipofika zamu ya wengine kuketi, mimi nilikuwa chumbani na vichanga watatu: Mheshimiwa begani, binti wa Mwalimu mapajani, mwana wa Msusi kitandani nimemzungushia mito, naye anapiga mayowe kama kondakta. Nikimnyamazisha huyu, yule anasikia wivu. Mheshimiwa alipogundua nimekaa, akaungana nao.

Mlango ulikuwa wazi kiasi. Sebuleni walichanga, wakacheka, soda zikafunguliwa. Halafu nikasikia sauti ya mama Mheshimiwa, ndogo kuliko kawaida yake.

"Kuna kijambo. Huyu msichana wetu anaomba nyongeza."

Msichana wetu. Nikajua imeshaharibika.

"Nyongeza ya nini?" Huyo ni Msusi. "Kichanga ni kazi? Mwanangu ukimpa maziwa humsikii mpaka kesho."

Wakati huo mwanawe tulikuwa tunamsikia jengo zima.

"Jamani, tusimcheke," akasema Mwalimu. Ndiye mwenyekiti wao, ana sauti ya kutuliza darasa. "Ila tufikiri. Tukimwongezea mmoja, kesho wangu atapanda kichwa, keshokutwa wako. Mimi mshahara wangu mnaujua. Nikimlipa yaya zaidi ya hapo, bora nikae nyumbani nimlee mwenyewe."

"Anasema ana mtoto wake, naye analipiwa kwa mtu," mama Mheshimiwa akajaribu.

"Basi amlete hapa," Mwalimu akasema. "Ashike wote wawili. Hela ya kumlipa huyo mtu anakuwa ameiokoa, na wewe kwa kuwa umemruhusu kuja na wake, unampunguzia kidogo. Kila mtu amefaidi."

Wakapiga makofi. Wallahi walipiga makofi. Nilikuwa nimekwenda kuomba kuongezewa, na kikao kilikuwa kimefika mahali pa kunipunguzia, tena kwa furaha.

Sikupanga nilichofanya. Nilisimama tu. Nikamfunga Mheshimiwa mgongoni kwa mbeleko, nikamchukua mwana wa Msusi kwa mkono wa kulia, binti wa Mwalimu kwa wa kushoto, nikausukuma mlango kwa mguu.

Noti zilikuwa mezani, zimepangwa mafungu, soda pembeni. Mwalimu alikuwa anahesabu. Nikamwekea binti yake mapajani. Msusi alikuwa na chupa ya soda mkononi. Nikamwekea mwanawe kwenye mkono uliobaki. Nikafungua mbeleko, nikampa mama Mheshimiwa wa kwake.

"Nini tena?" Mwalimu akauliza.

"Hakuna kitu, mwalimu. Kikao kiendelee."

Wakajaribu kweli kuendelea. Mwalimu akataka kuhesabu kwa mkono mmoja, binti yake akakamata noti akaipeleka mdomoni. Msusi akaweka soda chini, akaigonga, ikamwagikia zulia. Akainama kufuta, mtoto akalia. Akainuka kumbembeleza, soda ikaendelea kutembea. Mama Mheshimiwa alikuwa ameketi, na nimeshasema, Mheshimiwa akijua umeketi hakuachi, basi naye akaanza kulia.

"Mchukue basi huyu nifute!" Msusi akanipazia sauti.

"Si hana shida, dada?"

Mama mmoja pembeni, asiye na mtoto mchanga, akacheka akaziba mdomo.

"Kimya, huu sasa ni utovu wa adabu," Mwalimu akasema.

Nilisimama katikati ya sebule, mikono mitupu, mara ya kwanza katika nyumba ile nimesimama mikono mitupu.

"Mwalimu, shikamoo yangu unaipata kila siku, adabu ninayo. Leo naomba na ninyi mnisikilize. Mtoto wangu sileti hapa. Huyu hawekwi chini, na wangu hakai chini. Nikimtazama wangu, huyu ataanguka. Nikimbeba huyu, wangu atameza kitu. Siku hiyo mtasema Kimya mzembe. Mimi namlipa mtu amtazame mwanangu, na kaniongezea bei, na nimeona ana haki. Nami nataka robo juu ya mshahara wangu. Jioni mama akichelewa, ilipwe jioni. Na Jumamosi kila mtoto ana bei yake, anayelala na asiyelala. Anayelala naye akiamka hamwiti mwenyekiti, ananiita mimi."

"Na sisi tutoe wapi?" Mwalimu akauliza, na safari hii hakuuliza kwa sauti ya darasani. "Unadhani tunaokota? Mimi nina madeni mpaka shingoni."

Hilo nilijua ni kweli. Viatu vyake nilikuwa nimeviona mlangoni, vimegandishwa kwa gundi.

"Kama unacholipwa hakitoshi, mwalimu, kamdai anayekulipa. Mimi ndivyo nilivyofanya. Usifukie shimo lako kwa udongo wangu."

"Wasichana wako wengi mjini," Mwalimu akasema, anampapasa binti yake mgongoni. "Ukitoka hapa, kabla hujafika barabarani tumepata mwingine."

"Basi mwiteni, maana natoka."

Nikachukua mkoba wangu, nikavaa ndala zangu, nikafungua mlango kwa mkono, siyo kwa kiwiko.

Ngazi za jengo lile ni za saruji tupu, ukikohoa chini wanakusikia juu. Nilishuka polepole. Naomba msinione shujaa. Kila ngazi nilikuwa nawaza chumba, unga, Kijino. Nilikuwa nimebakiza orofa moja nikasikia kishindo cha kandambili nyuma yangu na Mheshimiwa analia.

"Kimya! Simama basi, mdogo wangu!"

Nikasimama. Mama Mheshimiwa akanifikia, anahema, mtoto kamshika ubavuni vibaya, kitambaa cha kichwa kimeteleza. Akatazama juu, akateremsha sauti.

"Nakuongezea. Robo yako nakupa. Na za jioni, na za Jumamosi, zote. Ila sikiliza," akanisogelea sikioni, "ibaki mimi na wewe. Wenzangu wakikuuliza, sema bado ni ile ile ya ghorofa. Unajua mwezi ujao ni zamu yangu ya kubeba upatu. Wakinitoa nimekwisha."

Pale pale ningeweza kusema asante. Chumba, Bi Sindano, tumbo, vyote vilikuwa vimepona. Hela ilikuwa ile ile niliyoiomba, haikupungua hata sumni. Na nilipenda kusema asante, msidhani sikupenda.

Lakini nilimtazama anavyochungulia juu wakati anaongea nami, kama mtu anayenunua kitu cha wizi. Nikaona jinsi itakavyokuwa. Mwezi wa kwanza atanipa. Mwezi wa pili atasema mambo magumu, tuvumiliane. Nikimwambia tulikubaliana, atasema wapi, mbele ya nani? Na yule yaya wa Mwalimu akiniuliza wewe unapata ngapi, itabidi nimdanganye, ili yeye aendelee kupata kile kile.

"Hapana, mama."

"Hapana nini? Si nimekupa chote!"

"Umeninong'oneza chote. Bei ya kunong'ona siitaki. Kama umekubali, sema hapa hapa, kwa sauti, wasikie."

"Hapa ngazini?"

"Si ndiyo bei ya ghorofa, mama? Basi ghorofa isikie."

Akanitazama kama hanifahamu. Juu yetu, kwenye ukingo wa orofa ya pili, vichwa vilikuwa vimeshajitokeza: Msusi na mwanawe, yule mama aliyecheka, na Mwalimu nyuma yao. Mlango wa chini nao ukafunguka, mzee mmoja akachungulia akiwa na mswaki mdomoni. Mheshimiwa akazidisha kilio. Mama yake akamhamishia bega la pili, akamrudisha la kwanza.

"Namwongezea," akasema.

"Ngazi haijasikia, mama."

"Namwongezea!" Sasa alipiga kelele, na sauti ikapanda mpaka paa. "Robo! Na jioni zake nalipa, na Jumamosi zake nalipa! Aliyesikia amesikia!"

"Mwenzetu, umetuuza!" Mwalimu akajibu kutoka juu. "Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana nini? Jumatatu nikiwa dukani, wewe utamshika huyu? Haya, shuka umchukue! Tena anza sasa hivi, mimi mkono umekufa ganzi!"

Hakuna aliyeshuka. Msusi akasema kitu kuhusu zulia. Yule mzee wa mswaki akafunga mlango taratibu, kwa heshima.

Mama Mheshimiwa akageuka kwangu, machozi yanamlengalenga, sijui ya hasira au ya uchovu, akanyoosha mikono yote miwili kunipa mtoto. Mheshimiwa naye akanyamaza, akainama kuja kwangu.

Kutompokea kulinigharimu kuliko yale yote niliyosema sebuleni. Nilimshika kidole tu.

"Jumatatu asubuhi nipo," nikamwambia mama yake. "Leo nilishikishwa watatu bila bei, na imetosha. Ukimbeba juu zaidi, kifua kwa kifua, atatulia."

Akambeba juu zaidi. Sikusubiri kuona kama ametulia.

Upatu hawakumtoa. Walimnunia tu mpaka zamu yake ikapita, na hela akabeba. Mwalimu aliendelea kulipa bei ya zamani hadi yaya wake naye aliposimama jikoni akasema ana neno. Sijui walimalizana vipi, lakini yule dada sasa ananisalimia toka mbali. Jumamosi za kikao wanakaa na watoto wao mapajani, na nasikia vikao vimekuwa vifupi.

Siku ile lakini hayo yote yalikuwa hayajatokea. Siku ile nilifika uani jua likiwa bado juu, jambo ambalo halijawahi kutokea Jumamosi ya upatu. Bi Sindano alikuwa amekaa kizingitini, kwa mguu mmoja ameuziba mlango ili Kijino asitoke.

"Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Hapana. Mwezi ujao hela yako ipo, ile mpya."

"Ahaa. Kwa hiyo wamekuongezea."

"Nimejiongezea."

Akashtuka, akatazama dirisha la mwenye nyumba, akaniwekea kidole mdomoni. "Sema polepole, mtoto wewe, asije akasikia na yeye akapandisha kodi."

Nikamwinua Kijino, nikamfuta vumbi magotini, nikarudia lile neno kwa sauti ya ngazini.